Usitishwe na neno gumu, lifungue uone kilichomo

Siku moja mama yangu alirudi kutoka kliniki akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliiweka juu ya meza, akaketi, akanyamaza. Kwa wiki nyingi alikuwa akijikuna usiku kucha, ngozi ikiumuka mabaka ambayo yalitoweka mkononi asubuhi yakatokea mgongoni jioni. Sasa daktari alikuwa ameandika jina la maradhi hayo kwa Kiingereza, maneno matatu: "chronic idiopathic urticaria". Foleni mlangoni ilikuwa ndefu, daktari hakueleza, na mama kwa adabu zake hakuuliza.

Mjomba ndiye aliyeichukua ile karatasi kwanza. Aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. "Hilo neno la katikati silipendi," akasema. "Limeanza kama lile wanalotumia Wazungu kumwita mtu punguani. Dada, tuambie ukweli, kichwa kinakuuma?" Kabla ya chai kuiva, mjomba alikuwa amekwisha kuhesabu ni jamaa gani watakaoitwa kwenye mchango na ni ng'ombe yupi atakayeuzwa. Mama alikuwa akiutazama ukuta.

Nilikwenda nikaitoa kamusi yangu kuukuu, ile isiyo na jalada, nikaanza kuyafungua maneno yale moja baada ya jingine. La kwanza linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wakati, nalo husema tu kwamba jambo limedumu muda mrefu. La tatu linatokana na jina la Kilatini la mmea unaowasha mtu akiugusa, kama vile upupu unavyowasha. Na lile la katikati lililomtia mjomba jasho? Limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya "-a mwenyewe" na jingine lenye maana ya "mateso". Madaktari hulitumia kwa ugonjwa ambao chanzo chake hakijulikani.

Basi nikamsomea mama tafsiri yote: unawashwa, umewashwa kwa muda mrefu, na hatujui ni kwa nini.

Mama alinitazama kwa muda. "Lakini mwanangu," akasema, "hivyo ndivyo nilivyomwambia mimi nilipoingia!"

Tulicheka hadi majirani wakaja kuuliza kulikoni. Hata hivyo, msomaji wangu, jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Maneno matatu tu yalikuwa karibu yaiuze ng'ombe wa watu. Tangu siku ile nimekuwa mwindaji wa maneno adimu ya Kiingereza, na leo ningependa nikukaribishe katika uwindaji huu, kwani hauna leseni wala hauna gharama.

Raha ya kwanza ya uwindaji huu ni kugundua kwamba vitu vidogo ambavyo umeishi navyo maisha yako yote vina majina. Tazama kamba ya kiatu chako. Ile ncha ngumu ya plastiki au chuma inayosaidia kamba kupenya tunduni huitwa "aglet". Gusa sasa chini ya pua yako, ule mfereji mdogo unaoshuka hadi mdomo wa juu. Huo ni "philtrum". Angalia ukucha wako wa gumba, ile nusu duara nyeupe iliyo kwenye shina lake. Hiyo ni "lunula", yaani mwezi mdogo kwa Kilatini. Na tumbo lako linapounguruma katikati ya mahubiri kwa kuwa hukupata staftahi, sauti ile huitwa "borborygmus". Litamke kwa sauti na utasikia kwamba neno lenyewe linanguruma.

Hata harufu ina jina. Unaijua ile harufu ya ardhi inayopanda baada ya kiangazi kirefu, matone ya kwanza ya mvua yanapoangukia vumbi? Mwaka wa 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliichunguza wakaona kwamba kuna mafuta ambayo udongo na mawe hukusanya wakati wa ukavu, kisha huyaachilia hewani unyevu unapofika. Waliibandika jina "petrichor", kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya jiwe na ile damu ambayo Wagiriki wa kale walisema hutiririka katika mishipa ya miungu yao. Damu ya miungu kutoka jiweni! Mkulima wa Machakos anayesimama mlangoni akivuta pumzi mvua inapoanza hahitaji neno hilo ili afurahi. Lakini ukishalijua, mvua ijayo utaisubiri kwa hamu mara mbili.

Raha ya pili ni kwamba maneno husafiri, na ukiyafuata nyuma unakutana na jamaa zako njiani. Chukua neno "serendipity", lenye maana ya kupata jambo jema ambalo hukuwa ukilitafuta. Mwandishi Mwingereza Horace Walpole alilitunga katika barua yake ya tarehe 28 Januari 1754, akilitoa katika hadithi ya wana wa mfalme watatu wa nchi ya Serendip. Serendip ni wapi? Ni Sri Lanka, kwa jina ambalo Waarabu waliliita Sarandib. Wewe uliyesoma Alfu Lela U Lela unaikumbuka nchi hiyo, kwa maana Sindbad baharia alifika huko akapokewa na mfalme wake. Kumbe neno ambalo wasomi wa London hulitamka kwa madaha lilipitia katika hadithi zile zile tulizosimuliwa sisi.

Isitoshe, baadhi ya maneno ya Kiingereza ni ndugu wa damu wa maneno yetu ya Kiswahili, ila tu yamevaa suti. "Monsoon" ni pepo za mvua za Bahari Hindi. Waingereza walilipata kupitia kwa Wareno, nao Wareno walilitoa kwa Waarabu, ambao husema mawsim. Neno hilo hilo la Kiarabu ndilo lililotupa sisi msimu. Pepo zile zile za kaskazi na kusi zilizoleta majahazi Mombasa na Lamu ndizo zilizoleta neno. Vivyo hivyo "tariff", yaani orodha ya bei au ushuru, na taarifa yetu tunayoisikiliza jioni, chimbuko lao ni moja, nalo ni kujulisha. "Calibre", kipimo cha mdomo wa bunduki, ni ndugu wa kalibu ya mfua vyuma. "Cipher" na "zero" zote mbili ni dada za sifuri. Kwa hivyo kijana wangu, siku utakapoletewa karatasi ya hesabu yenye duara kubwa jekundu, jifariji kwamba umepewa neno lenye ukoo mrefu sana.

Pengine utauliza, ni nani aliyeyakusanya maneno haya yote? Hapo ndipo palipo na visa ambavyo havipungui utamu wa riwaya. Kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza ilitungwa na mwalimu aliyeitwa Robert Cawdrey mwaka wa 1604, ikiwa na maneno kama 2,500 tu, yote yakiwa yale yaliyohesabiwa magumu. Kumbe basi hata Waingereza wenyewe walitishwa na Kiingereza! Mwaka wa 1755 Samuel Johnson alitoa kamusi yake kubwa baada ya kazi ya miaka kama tisa, akisaidiwa na makarani sita. Alikuwa mtu wa mzaha, na alipofika kwenye neno lenye maana ya mtunga kamusi, alijieleza mwenyewe kama mtu wa kazi ya sulubu asiyeweza kumdhuru yeyote.

Halafu ikaja ile kamusi kuu ya Oxford. James Murray alipewa uhariri wake mwaka wa 1879, na ilitarajiwa kwamba kazi ingekwisha kwa miaka 10. Ilipofika mwaka wa 1884 kijitabu cha kwanza kilitoka, nacho kilikuwa kimefika neno "ant" tu, yaani siafu na sisimizi! Murray alifanya kazi ndani ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yake, akipokea kwa posta vikaratasi vya mifano kutoka kwa watu wa kujitolea. Mmoja wa waliotuma kwa bidii kubwa kabisa, kwa miaka mingi, alikuwa William Chester Minor, daktari Mmarekani aliyekuwa amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Broadmoor baada ya kumuua mtu London mwaka wa 1872. Murray alifariki mwaka wa 1915 kamusi ikiwa bado haijakamilika. Ilikamilika mwaka wa 1928. Na hata hivyo neno moja, "bondmaid", lenye maana ya mjakazi, lilikosekana kwa kuwa vikaratasi vyake vilipotea.

Kama neno laweza kupotea, je, laweza kuzaliwa kwa makosa? Naam. Katika kamusi kubwa ya Webster ya Marekani iliyotolewa mwaka wa 1934 kulikuwa na neno "dord", lenye maana ya uzito wa kitu kwa ujazo wake. Halikuwa neno kamwe. Mtaalamu wa kemia alikuwa ameandika kwenye kikaratasi kwamba herufi D, kubwa au ndogo, huweza kusimamia kipimo hicho. Mtu aliyekipokea akaziunganisha "D or d" zikawa neno moja, likawekewa hata jinsi ya kutamkwa, likachapishwa. Ilikuwa mwaka wa 1939 ndipo mhariri mmoja aligundua kwamba neno hilo halina baba wala mama. Tangu nilipokijua kisa hiki, siwaogopi tena watu wanaonirushia maneno mazito. Huenda na yao ni "dord".

Lakini sharti nikuonye, msomaji wangu, kwa maana nami niliungua. Nilipokuwa nikisaga soli mjini nikitafuta kazi yangu ya kwanza, niliandika barua ya maombi kwa kampuni fulani. Nilitaka kusema kwamba sifa za kampuni ile zinanipa nguvu. Nilikuwa nimelisikia mahali neno "enervate", nikaliona limefanana na lile la nguvu, nikalitia. Baadaye niliifungua kamusi nikakuta kwamba maana yake ni kinyume kabisa: kumnyong'onyeza mtu, kumtoa nguvu. Nilikuwa nimewaambia mabwana wale kwa heshima na taadhima kwamba kampuni yao inanichosha. Sikuitwa kwenye mahojiano, na siwalaumu.

Kosa langu halikuwa kupenda neno. Kosa langu lilikuwa kulivaa kabla ya kulipima. Hili nawaambia hasa nyinyi wanafunzi wa kidato cha nne ambao hujaza insha zenu maneno marefu mkidhani mtahini atapigwa na butwaa. Wapo Waingereza waliougua ugonjwa huo mapema, na lugha yao imewapa jina: "sesquipedalian", kutokana na Kilatini, yaani neno lenye urefu wa futi moja na nusu. Lipo neno moja la herufi 45 linalotaja ugonjwa wa mapafu unaosababishwa na vumbi laini. Lilibuniwa mwaka wa 1935 na mwenyekiti wa chama cha wapenda mafumbo huko Marekani, ili tu liwe refu. Daktari mwenye mgonjwa mbele yake hana haja nalo. Neno adimu ni kama kisu cha kuchongea kinyago. Mwenye kazi ya kuchonga hukitoa, akamaliza kazi, akakirudisha alani. Anayetembea akikipunga sokoni hachongi chochote, huwatisha watu tu.

Na hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili. Katika nchi yetu Kiingereza kimetumiwa mno kama kisu cha kupungia watu sokoni. Wengi wetu tulisoma shule ambako mtoto aliyeteleza akatamka neno la lugha ya mama alivikwa kibao shingoni, akakivaa hadi ampate mwenzake wa kumvika. Mtoto wa namna hiyo anapokua, akikutana na neno asilolijua katika mkataba wa nyumba, katika barua ya benki au katika karatasi ya hospitali, haulizi. Anatikisa kichwa kana kwamba ameelewa, na kuweka sahihi. Kuona aibu ya kuuliza maana ya neno kumewagharimu watu mashamba, msomaji wangu, na wengine kumewagharimu afya. Mtoto anayelelewa akiliona neno geni kama tunda la kuonjwa hatakuwa na aibu hiyo.

Tusidhani pia kwamba utajiri huu ni wa Wazungu peke yao. Zamani Kiingereza kilikuwa na neno "overmorrow", yaani siku inayofuata kesho. Lilitumika katika tafsiri ya Biblia ya Miles Coverdale ya mwaka wa 1535, kisha likaachwa likafa, na leo Mwingereza hulazimika kutumia maneno manne matano kusema kitu hicho. Sisi tuna kesho kutwa. Zaidi ya hapo tuna mtondo, na baada ya mtondo tuna mtondogoo. Sasa waulize watoto walioketi nawe sebuleni Jumapili hii, mtondo ni lini? Wakikutazama tu, ujue kwamba kilichoipata "overmorrow" kinabisha hodi mlangoni mwetu. Neno haliuawi na adui. Hufa kwa kutotumiwa.

Upande wa pili, maneno yetu nayo yanaingia kwao. "Safari" lilikwisha kuingia zamani, karne ya 19. Mwaka wa 2022 wahariri wa kamusi ya Oxford waliingiza maneno mengi ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, yakiwamo "nyama choma" na "chips mayai". Mwanafunzi wa Oxford akikutana na chips mayai katika kitabu, itambidi afungue kamusi kama nilivyofungua mimi siku ile mbele ya mama. Mambo ni kupokezana.

Unawezaje kuanza? Si lazima ununue kamusi mpya. Pita kwa wauzaji wa vitabu vilivyotandazwa kando ya njia mjini uiname kidogo, au nenda maktaba, au tumia simu yako kwa kazi nyingine mbali na vichekesho. Chukua daftari la kurasa 32. Kila siku andika neno moja tu. Mbele yake andika maana kwa Kiswahili kwa maneno yako mwenyewe, kwani usipoweza kulieleza kwa Kiswahili bado hujalielewa. Andika limetoka lugha gani. Kisha lichunguze kwa siku tatu kabla ya kulitumia barabarani, usije ukaandika barua kama yangu.

Wakati wa chakula cha jioni mpe kila mmoja nafasi ya kuleta neno lake, la Kiingereza, la Kiswahili au la lugha ya nyanya, na wengine wakisie. Mtakapochoka, tandazeni ubao wa Scrabble. Msidharau mchezo huo: mwaka wa 2015 mjini Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, akawa Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Aliwashinda wenye lugha kwa lugha yao.

Nimalizie pale nilipoanzia. Mama alirudi kliniki wiki iliyofuata akiwa na ile karatasi yake, lakini safari hii aliingia akiwa amenyoosha mgongo. Alimwambia daktari, "Naona umeandika kwamba hujui kinachoniwasha. Si neno. Sasa kwa kuwa hujui, tutafanyaje?" Daktari aliweka kalamu chini. Wakaongea muda mrefu kuliko mara ya kwanza, akaelezwa juu ya dawa za mzio na jinsi ya kuzitumia, na akaambiwa atazame ni vitu gani humzidishia mwasho. Ng'ombe hakuuzwa. Mjomba naye, tangu siku ile, akiona neno refu gazetini huniita kwanza kabla ya kuita mchango.

Na kwa kuwa umenivumilia hadi hapa, chukua neno moja la kuanzia daftari lako. Jarida kama hili ulilolishika mkononi Waingereza huliita "magazine". Walilitoa katika neno la Kiarabu lenye maana ya ghala, na katika shina hilo hilo la Kiarabu sisi tulipata neno hazina. Jumapili njema, msomaji wangu, na ukutane na neno jipya kabla ya mtondo.